Sauti Kamili Iko Wapi? Mjadala wa Santuri, Valvu na Mkanda

Hoja iliyo mezani ni hii: vyombo vya muziki vilivyoundwa miaka hamsini au sitini iliyopita vinamfikisha msikilizaji karibu zaidi na sauti kamili kuliko vilivyotoka kiwandani mwaka huu. Wanaoiamini hoja hii si wachache. Wako Tokyo, wako London na Paris, wako Nairobi na Dar es Salaam. Wanasaka pleya za Garrard zilizoundwa Swindon, amplifaya za valvu zinazopasha joto chumba kizima, na spika zenye umri wa wazazi wao. Wapo pia wanaosema hiyo ni imani tupu. Hoja zao nimezigawa kwa sauti tatu: mzee mpenzi wa vyombo vya zamani, mhandisi wa sauti, na fundi anayepata riziki yake kwa kuvitengeneza. Watu hawa nimewatunga, lakini hoja zao zina wenyewe. Nami penye haja nitaingia kati, kwa sababu nina upande.

MZEE: Niruhusiwe kuanza na spika, maana ubishi wote huanzia hapo. Mwaka 1957 Peter Walker wa kampuni ya Quad, kule Huntingdon, Uingereza, alileta sokoni spika ya umbo la rejeta ya kupashia nyumba joto. Ndani hamna koni, hamna sumaku. Kuna utando wa plastiki mwembamba mno, umetiwa chaji ya maelfu ya volti, nao unatetemeka wote kwa pamoja. Koni ya karatasi ina uzito: ukiisukuma inachelewa kwenda, na ikishakwenda inachelewa kurudi. Utando wa Quad uzito wake ni kama haupo. Weka santuri ya mwimbaji mmoja na gitaa moja, umsikie anavyovuta pumzi kabla ya kuingia ubeti. Spika hiyo ilitengenezwa hadi 1985, na hadi leo watu wanazifufua na kukaa mbele yake jioni nzima. Nani atakaa mbele ya spika ya plastiki ya leo jioni nzima?

MHANDISI: Shikamoo, mzee wangu. Quad hiyo siibezi hata kidogo, ila tuseme yote. Besi yake ni nyepesi. Ukiifungulia muziki wa dansi inazidiwa, na ukiilazimisha umeme unaruka ndani na kuutoboa utando. Sauti zake za juu zinakwenda mbele moja kwa moja kama mwanga wa tochi: aliyekaa katikati anasikia kila kitu, mwenzake kwenye kochi hilohilo anakosa nusu. Na si Walker wa kwanza kuahidi kutufikisha. Kati ya 1915 na 1925 kampuni ya Thomas Edison ilizunguka miji ya Marekani na maonyesho yake. Mwimbaji anasimama kando ya gramafoni, anaimba sambamba na santuri yake mwenyewe, kisha katikati ya wimbo anafumba mdomo na mashine inaendelea peke yake. Mara nyingine taa zilizimwa. Watu waliapa kwamba hawakujua ni wakati gani binadamu alinyamaza. Gramafoni ile haikuwa na umeme wala kipaza sauti! Mtoto wa leo akiisikia kidogo tu atakwambia ni mashine. Anna Case, mmoja wa waimbaji hao, alikuja kueleza baadaye kwamba alikuwa akiipunguza sauti yake ilingane na ya mashine. Akaja Edgar Villchur wa Acoustic Research, naye akaweka spika zake jukwaani pamoja na wapiga ala za nyuzi wanne, wasikilizaji wakashindwa kujua lini wanasikia ala na lini wanasikia mkanda. Mwaka 1982 ikaja CD, na wauzaji wake wakatangaza kwamba sauti kamili imepatikana na haitapotea tena. Kila kizazi kimefika, mzee. Sasa sisi tunabishania safari gani?

Naingia hapa kabla mzee hajajibu. Wale waliokaa gizani kumsikiliza Anna Case hawakuwa wajinga, wala hawakusema uongo. Sikio hujifunza kasoro za zama zake na kuziruka. Mtu aliyezoea gramafoni ya pembe alisikia mwanamke anayeimba, kwa sababu mkwaruzo ulikuwa umeshatoka katika hesabu yake. Sisi nasi tuna kasoro tunazoziruka bila kujua. Kwa hiyo ushahidi wa mtu kulia machozi mbele ya spika, ambao wapenzi wa vyombo vya zamani huutoa mara kwa mara, ni ushahidi wa kweli kuhusu mtu huyo. Kuhusu spika hautuambii mengi.

MZEE: Marahaba, mwanangu. CD uliyoitaja ndiyo shahidi wangu. Kwenye karatasi ilishinda, sibishi: sampuli 44,100 kila sekunde, biti 16, desibeli kama 96 kati ya mnong'ono na kishindo, wakati santuri haifiki hata 70 katika hali ya kawaida. Watu wakapewa nafasi pana kuliko zote zilizowahi kuwepo. Waliifanyia nini? Kuanzia miaka ya 1990 kampuni za muziki zikaanza kushindana nani atasikika kwa kishindo zaidi redioni. Sauti ndogo zikapandishwa, kubwa zikakatwa vichwa, wimbo mzima ukawa ukuta. Mwaka 2008 kundi la Metallica lilipotoa albamu ya Death Magnetic, mashabiki wao wenyewe waligundua kwamba nyimbo zilezile ndani ya mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero zilipumua vizuri kuliko kwenye CD. Mchezo wa watoto! Kwa hiyo msiniambie habari za uwezo wa chombo. Niambieni kilichofika sikioni mwangu.

MHANDISI: Hapo umesema kweli, na nakuunga mkono. Lakini angalia ulichokishitaki. Umemshitaki aliyeiandaa kazi, hukukishitaki chombo. Mpe huyohuyo mtu santuri ya vinili na nafasi ya kuharibu, ataharibu kwa namna nyingine. Santuri yenyewe ina mipaka ya kimaumbile. Besi lazima ipunguzwe kabla ya kuchongwa, la sivyo sindano itaruka mfereji. Kisha amplifaya inairudisha kwa kipimo ambacho kampuni za Marekani zilikubaliana mwaka 1954. Tena mzunguko ni uleule, lakini mduara unapungua: kwenye ukingo wa nje mfereji wa LP unapita chini ya sindano kwa kasi ya sentimita 50 hivi kwa sekunde, na karibu na lebo ni kama 21 tu. Wimbo wa mwisho wa kila upande unabanwa kuliko wa kwanza. Watunzi na wapangaji wa zamani walilijua hilo, wakaweka nyimbo tulivu mwishoni. Huo ndio ukamilifu unaoutafuta?

MZEE: Ukamilifu ninaoutafuta mimi una mtu anayesikiliza ndani yake. Nenda Japani. Chigusa, mkahawa wa jazi wa Yokohama, ulifunguliwa 1933. Santuri kutoka Marekani zilikuwa ghali, kijana hakuweza kuzinunua, basi alilipia kikombe kimoja cha kahawa akasikiliza santuri ya mwenye mkahawa. Mikahawa mingi ya namna hiyo ilikuwa na sheria: usiongee. Kule Ichinoseki, Shoji Sugawara alifungua mkahawa wake, Basie, mwaka 1970, na kwa miongo kadhaa alizirekebisha spika zake za JBL kidogo kidogo. Watu walipanda treni kutoka mbali kwenda kukaa kimya mbele ya spika za mtu mwingine. Kipimo chako cha desibeli kinapima ukimya huo?

MHANDISI: Hakiupimi, na sitaki kiupime. Mzee, hata mimi ningepanda treni hiyo. Ninachokataa ni mtu kutoka mkahawani akasema amesikia valvu. Amesikia mchanganyiko: chumba, kahawa, heshima, subira ya mwenye nyumba. Tunajua jinsi macho yanavyoingia sikioni. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, waliokuwa wakifanya utafiti katika kampuni ya Harman, waliwapa wasikilizaji spika zilezile mara mbili, mara wakiziona, mara zikiwa nyuma ya pazia. Walipoziona, alama zikabadilika. Kubwa na za bei zikapanda, ndogo ya bei nafuu ikashuka. Na huyo Walker wako wa Quad mwenyewe aliruhusu amplifaya zake tatu zipimwe kwa kusikilizwa bila kuonekana: ya valvu ya 1953, ya transista ya 1967 na nyingine ya 1975. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Wireless World mwaka 1978. Wasikilizaji, wengine wakiwa wajuzi wa kazi hiyo, hawakuweza kuzitofautisha kwa uhakika. Aliyeziunda ndiye aliyeruhusu jaribio.

MZEE: Amplifaya nzuri na amplifaya nzuri. Ndiyo, zinafanana. Sasa chukua valvu ya 300B ya Western Electric, ya mwaka 1938, waliyoitumia katika amplifaya za majumba ya sinema. Iweke peke yake katika sakiti ya zamani kabisa, itakupa wati nane hivi. Wati nane! Wajapani walizisaka kutoka sinema za Marekani wakati Wamarekani wenyewe wanazitupa. Ukiisikia utaitambua hata ukifungwa kitambaa machoni. Sauti ya mwanamke inakuwa na mwili.

MHANDISI: Ninakubali utaitambua, na nitakwambia kwa nini. Valvu hiyo katika sakiti hiyo inaongeza kitu. Ukiingiza noti moja, inatoa noti hiyo pamoja na oktavu yake ya juu, kwa kiasi kidogo ambacho masikio yetu hukipokea kama unene. Inapendeza. Lakini mwimbaji hakuiimba oktavu hiyo, mzee. Imewekwa sebuleni kwako.

MZEE: Basi imewekwa. Na pilau huwekwa viungo.

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, mjadala mwingi wa aina hii ungeweza kumalizika kwa heshima, na hapa ndipo hukataa kumalizika. Mzee akishakiri kwamba anapenda rangi fulani ya sauti, hana deni kwa mtu yeyote. Kupenda hakuhitaji cheti cha maabara. Shida ni kwamba soko la vyombo vya zamani halitaki kuuza kupenda. Linataka kuuza ukweli, kwa sababu ukweli una bei kubwa zaidi. Tuliona gharama yake mwaka 2022. Kampuni ya Mobile Fidelity ya Marekani ilikuwa imejijengea jina kwa santuri za bei kali, zilizoaminiwa kutoka moja kwa moja kwenye mkanda wa asili bila dijitali kupita katikati. Ilipotangaza nakala 40,000 za Thriller ya Michael Jackson, watu wakaanza kuuliza: mkanda gani wa asili utavumilia kupigwa mara zote hizo? Julai mwaka huo wahandisi wa kampuni wakathibitisha kwamba kwa miaka kadhaa santuri zao nyingi zilikuwa zikipitia nakala ya dijitali. Wanunuzi walikwenda mahakamani, na walikuwa na haki, kwa kuwa waliuziwa kitu kisichokuwepo. Ila katika miaka yote hiyo masikio makali kuliko yote duniani yalizisifu santuri hizo kama kielelezo cha usafi wa analogi. Hilo ni jambo zito, na sijasikia mpenzi wa analogi akilijibu moja kwa moja.

FUNDI: Mimi mnanisahau, na mimi ndiye ninayevifungua. Mzee, nikuulize kwa heshima. Ukiniletea amplifaya ya 1957, natoa kapasita za karatasi kwa sababu zinavujisha umeme. Natoa kapasita kubwa za kusafishia umeme, ndani zimeshakauka. Valvu zimechoka, naweka mpya kutoka China au Urusi. Resista nazipima, nyingi zimepanda thamani, natoa. Nikimaliza kulehemu, kilichobaki cha 1957 ni transfoma na bati. Hiyo sauti ya 1957 unayoisifu, nani anaifahamu? Hata aliyeinunua mwaka huo, akiwa hai, anasikia chombo changu mimi.

MZEE: Transfoma ndiyo roho yake, fundi.

FUNDI: Sawa, transfoma tunaiacha. Lakini kuna kubwa zaidi. Pleya za mitumba kutoka Marekani, na nyingine kutoka magharibi mwa Japani, zimeundwa kwa umeme wa mizunguko 60 kwa sekunde. Huku kwetu ni 50. Mtu anatafuta transfoma ya kushusha volti, anaichomeka, anafurahi haijaungua. Ikiwa mota yake inafuata mizunguko ya umeme, santuri ya 33 inazunguka chini ya 28. Wimbo unashuka karibu nusutoni tatu na unakwenda kwa uzito. Kuna watu wameusikiliza hivyo kwa muda mrefu, wakaniambia analogi ina utulivu. Tiba ni kubadilisha kapi ndogo ya mota, kipande cha chuma kinachokaa kiganjani. Garrard walitengeneza kapi za umeme wa aina zote mbili. Mzee, kabla hatujatafuta sauti kamili, tutafute kasi sahihi.

MHANDISI: Fundi amenigusa penye kazi. Nichukue mfano wa huku kwetu. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi santuri kwa His Master's Voice. Hizo ni santuri za lakka, zile zinazovunjika. Jina lake ni 78, lakini kasi halisi ya wakati ule ilipanda na kushuka, 76, 80, kutegemea mashine ya siku hiyo. Mfereji wake ni mpana: unataka sindano yenye ncha ya mikroni 65 hadi 75, wakati ya LP ni kama 18 tu. Ukiweka sindano ya LP inatambaa chini kabisa ya mfereji, penye vumbi na uchafu. Na kipimo cha kurudishia besi cha 1954 hakihusiani nazo. Mtu aliyepakua wimbo wa Siti akasema zamani walirekodi vibaya, mara nyingi anasikia kazi mbaya ya aliyeicheza juzi.

MZEE: Basi mpigie kwenye gramafoni ya pembe ya wakati wake. Hapo tumemaliza.

MHANDISI: Hapo tumeiua, mzee wangu. Gramafoni ile iliegemeza zaidi ya gramu mia juu ya sindano ya chuma. Sindano ilibadilishwa kila upande kwa sababu ilikuwa inaliwa, na santuri ilikuwa inaliwa nayo. Kila ukiipiga unaipunguza. Pleya nyepesi ya leo, sindano iliyopimwa, kasi inayorekebishika kwa sehemu ndogo ndogo, hiyo ndiyo inayotoa kilichomo bila kukichukua. Kwa santuri ya 1928, chombo cha kale ndicho adui.

FUNDI: Kwa santuri, ndiyo. Kwa mkanda mambo yanageuka.

Namwachia fundi nafasi ndefu, kwa sababu hili ndilo lililonifanya niandike.

FUNDI: Mnajua dansi la Tanzania la miaka ya 1960 na 1970 limekaa wapi. NUTA Jazz, Kilwa Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, wengi waliingia studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, wakapiga wote kwa pamoja, ikaingia kwenye mkanda wa rili. Kiwanda cha kuchapa santuri hatukuwa nacho. Zilizochapwa zilichapwa Nairobi, na nyingi hazikuchapwa kabisa. Kwa hiyo mkanda ndio wimbo. Na mkanda haupigwi na kompyuta. Unapigwa na Studer au Revox, mashine za Uswisi za zama hizohizo, na wanaotengeneza mpya siku hizi wanahesabika. Kigurudumu cha mpira kinachobana mkanda kinageuka kuwa gundi. Hedi inayosoma mkanda inalika, inachimbika. Hedi ikikaa upande kidogo tu, sauti za juu zote zimepotea, na anayehamisha atadhani mkanda wenyewe ni mfu. Mwaka 2019 UNESCO pamoja na chama cha kimataifa cha nyaraka za sauti walitoa tahadhari kwa dunia nzima: wataalamu walikuwa wameutaja 2025 kama mwaka ambao, ukishapita, mikanda mingi isiyohamishwa huenda isipate tena mashine ya kuipiga. Mwaka huo umeshafika. Na mashine zilizo nzima ziko wapi? Nyingi ziko sebuleni mwa watu kama mzee hapa, zinapiga mkanda mmoja wa jazi wa Marekani uliochapishwa upya mwaka jana.

MZEE: Fundi, mashine yangu ningeitupa isingekuwepo leo. Ni sisi tuliozinunua vituo vya redio vilipozitoa nje kama vyuma chakavu. Sisi ndio tulioficha hedi za akiba, vitabu vya sakiti, mikanda ya kupimia. Msituhukumu kwa kuhifadhi.

MHANDISI: Hilo nalikiri wazi, mzee. Taasisi nyingi zilitupa, wapenzi wakaokota. Kama ningekuwa na mkanda wa NUTA mkononi asubuhi hii, ningekutafuta wewe kabla ya ofisi yoyote.

Nami hapa naweka msimamo wangu wote. Ujuzi wa mpenzi wa vyombo vya zamani ni wa kweli, na ni adimu. Anajua kusawazisha hedi kwa sikio na kwa kipimo, anajua harufu ya mkanda unaooza, anajua mpira gani utoe na upi uache. Ujuzi huo ameutumia kutafuta tofauti kati ya waya na waya, tofauti ambazo pazia likishushwa hutoweka, wakati ipo sauti ambayo yeye pekee anaweza kuifikia na ambayo ikitoweka haina nakala. Sioni haja ya kumkataza mtu starehe yake. Lakini kati ya rekodi maarufu ya jazi yenye nakala milioni duniani na mkanda wa bendi ya Morogoro wenye nakala moja, najua ni upi unaodai jioni zake.

MZEE: Semeni mnataka nini. Revox yangu iko tayari.

FUNDI: Revox ya nyumbani, mzee, nyingi hedi zake zinasoma robo ya upana wa mkanda. Mikanda ya redio ya mono iliandikwa upana wote. Ukiipiga na hedi ya robo unapata wimbo, ila umeacha sehemu kubwa ya sauti na umebaki na mvumo. Tutafute hedi ya upana wote, tuibadilishe. Hilo naweza.

MZEE: Na mkishahamisha?

MHANDISI: Kompyuta ya biti 24, sampuli 96,000 kwa sekunde, nakala zikae mahali zaidi ya pamoja.

MZEE: Sijauliza hilo. Nauliza mkanda wenyewe mtaufanyaje. Maana nawajua ninyi watu wa namba. Mkishapata faili mtasema stoo imejaa.

MHANDISI: Kanuni za kazi zinasema asili isitupwe hata ikishahamishwa.

MZEE: Kanuni nimezisikia, na vituo vilivyotupa mashine navyo vilikuwa na kanuni. Nitakupa Revox, nitakupa hedi, na mikono yangu nitakuja nayo. Lakini mkanda ukitoka kwenye mashine yangu, napenda nione unarudi kwenye kabati la aina gani, na funguo anazo nani.

MHANDISI: Kabati lipo, mzee. La funguo, bado sina jibu la kukuridhisha.

FUNDI: Basi mlimalize hilo wakati mimi natafuta hedi.